Mara Moja Tu kwa Mwihaki

Masikio ya Kabura hayakuwa na kasoro yoyote, na karatasi ya kuthibitisha hilo ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha saluni, katikati ya bei za kusuka na kalenda ya duka la mbolea. Tata Mwihaki, dada mdogo wa mama yake na mwenye saluni, alikuwa amempeleka mwenyewe mpaka hospitali ya misheni kule Plateau. Daktari alichungulia sikio la kulia, akachungulia la kushoto, akampima kwa mashine, kisha akasema msichana huyu anaweza kusikia panya akikanyaga pamba.

"Sasa kama anasikia panya," Tata akauliza, "mbona hasikii Wajapani?"

Daktari akasema hilo si la idara yake.

Shida ndiyo ilikuwa hiyo. Mtihani wa Kijapani hufanywa Nairobi kila Desemba, na mwaka uliotangulia Kabura alikuwa ameukalia, kiwango cha N4, cha pili kutoka chini. Kusoma alisoma. Yale maandishi yao yanayofanana na vibanda vilivyojengwa kwa njiti za kiberiti aliyameza mia tatu na zaidi, na jumla ya alama zake ikapita mstari wa kufaulu bila jasho. Lakini sehemu ya kusikiliza ina mstari wake peke yake, alama kumi na tisa juu ya sitini, na Kabura alipata kumi na sita. Ukianguka hapo umeanguka kote.

Na mwaka huu haukuwa wa kuanguka. Nyumba moja ya kutunzia wazee, huko mji wa Niigata, ilikuwa imemhoji kwa simu ya video, ikampenda vile alivyocheka, ikamwandikia kwamba kazi na chumba vinamngoja Aprili, mradi cheti kifike. Kisipofika, nafasi inaenda kwa mwingine. Barua hiyo Tata alikuwa ameisoma kanisani, sokoni, na kwa fundi wa bomba aliyekuja kuzibua sinki. Mtaa mzima wa Langas, hapo Eldoret, ulijua Kabura anaenda Japani. Ni Japani tu haikuwa na uhakika.

Saluni yenyewe ilikuwa upande wa Kona Mbaya, na ilikuwa na viti vinne, draya mbili za kukaushia nywele, benchi la wageni, na watu wasiopungua kumi na wawili, ambao wanne kati yao ndio walikuja kutengenezwa nywele. Wengine walikuja kwa ajili ya chai na dunia. Nakhumicha, msusi wa rasta, alikuwa na vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Nasra, aliyeuza madira na mitandio duka la pili, aliingia mara sita kwa siku. Nywele zake hakuna mtu pale aliyewahi kuziona, lakini kwa upande wa habari hakukuwa na mteja mwaminifu kumshinda.

Kabura alifagia, aliosha vichwa, alikunja taulo, na kitabu chake cha Kijapani kilikaa juu ya kabati la chemikali kikinukia shampuu. Jioni nne kwa wiki alienda darasani kwa Mwalimu Kipyego, chumba cha juu cha jengo moja mjini. Kipyego alikuwa amekimbia miaka tisa huko Japani kwa timu ya kampuni, mpaka goti likamwambia inatosha. Alirudi Eldoret na medali kadhaa, Kijapani safi, na tabia ya kunyamaza iliyowatisha wanafunzi wake kuliko ukali wowote.

Mwezi wa kumi, katika mtihani wa majaribio, Kabura alipata kumi na nne.

"Unarudi nyuma," Kipyego akasema. Akafikiri kidogo. "Nataka kuona mahali unaposhinda kutwa."

Kesho yake akaja. Alipoingia, kelele ilikatika kama redio iliyoishiwa na betri, maana mwanaume saluni ni kama kuku kanisani. Tata akamkalisha benchi, akampa kikombe cha chai na mandazi mawili, akamwambia ajisikie nyumbani. Baada ya dakika tatu wakasahau yuko.

Siku hiyo Nakhumicha alikuwa na habari ya mtu wa Soy aliyenunua ng'ombe wa maziwa kwa kuangalia picha kwenye simu. Alilipa, akatengeneza zizi, akanunua ndoo mpya, akawaalika majirani waje wanywe chai ya kwanza. Lori likaja. Mlango ukafunguliwa. Akashuka fahali.

"Wee!" nyumba ikapasuka.

Wakiwa bado wanapangusa machozi, Nasra akaingia. "Ati nini? Nani? Rudia hapo!" Nakhumicha akarudia toka mwanzo, na safari hii ndoo zikawa mbili. Mama mmoja akainua kichwa kutoka kwa draya, "Mnacheka nini, kwani? Sijasikia hata kidogo!" Ikarudiwa, na fahali akawa na pembe za urefu wa mkono. Tata akarudi kutoka dukani na sukari, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Yaani mmekula mkaniacha?" Ikarudiwa ya nne, na sasa fahali aliposhuka alimtazama mwenye ndoo akatingisha kichwa.

"Hapana, hapana," Kabura akadakia huku akikunja taulo, "umeruka pale mke wake alipoficha ndoo!"

Kipyego aliweka kikombe chini.

"Kabura," akasema. "Mara ya kwanza, ulisikia nini?"

"Mara ya kwanza?" Kabura akashangaa. "Mara ya kwanza sikuwa nasikiliza, Mwalimu. Si nilijua itarudiwa."

Hata Nakhumicha aliacha kusuka.

"Wajapani," Kipyego akasema polepole, "hawarudii. Swali linasomwa, watu wawili wanaongea mara moja, swali linasomwa tena, unachagua jibu, basi. Rekodi inaenda mbele."

"Mwalimu," Tata akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kwa namna ya hatari, "unasema ni nyumba yangu imemwangusha mtoto?"

"Sijasema, Mama."

"Umesema!"

Kipyego akaangalia mandazi. "Nimesema kidogo."

Wengine walidhani Tata atamfukuza. Lakini Tata Mwihaki alikuwa mtu wa kukasirika kwa dakika mbili na kuchukua hatua kwa miezi miwili. Aliangalia ile karatasi ya daktari kwenye kioo, akamwangalia Kabura, akaangalia nyumba yake iliyojaa wanawake aliowalea kwa habari za moto moto, akaona yote. Tangu Kabura aje kukaa naye akiwa na miaka tisa, hakuna neno lililowahi kusemwa mara moja ndani ya kuta hizo. Akachukua kadibodi ya boksi la rola za nywele, akaandika kwa kalamu ya wino mzito:

HABARI HAPA NI MARA MOJA TU. ULIKUWA DRAYA, POLE. ULIKUWA CHOO, POLE. ANAYEOMBA ARUDIWE ANAFUA TAULO. ANAYERUDIA ANAFUA TAULO PIA. MWENYEWE, MWIHAKI.

"Mpaka mtihani uishe," akasema.

"Tata, hiyo ni kutuua," Nasra akalalamika. "Mimi niko na duka! Nitajuaje saa ya habari?"

"Utafunga duka."

"Haki mtoto wa watu aende tu Japani haraka," Nasra akasema, "wallahi tutakonda."

Siku za kwanza zilikuwa za maombolezo. Nakhumicha aliyekuwa amezoea kuonjesha habari vipande vipande, sasa ilibidi aimwage yote kwa mkupuo, na kila aliyechelewa alipiga kelele hadi barabarani. Mama mmoja wa watoto watano alifua taulo kumi na nane kwa kuuliza "ati?" bila kukusudia. Wateja wakaanza kukataa draya. Mvumo wa mashine ulikuwa unakula maneno, na hakuna aliyekuwa tayari kukosa jambo kwa sababu ya nywele. Wakawa wanatoka na vichwa vimelowa, na baridi ya Eldoret ya asubuhi mnaijua. Langas ikajaa wanawake wanaopiga chafya lakini wanaojua kila kitu.

Halafu Nakhumicha akaona utamu wake. Alipoelewa kwamba mtihani huanza na swali, akaanza kuuliza kama mtihani. Alikuwa akisimama katikati ya saluni, kitana juu kama fimbo ya kuongoza kwaya.

"Nambari saba! Mama Wachira ataenda wapi kwanza? Sikilizeni." Kisha habari, mara moja, bila huruma. Mama Wachira alikuwa aende kwa chifu, lakini akaambiwa chifu hayuko, akasema basi atapeleka mtungi wa gesi, lakini mtungi ukawa bado umejaa, mume akampigia arudi nyumbani, na njiani akakutana na aliyemkopa sufuria, akasema kwanza sufuria yake. "Haya! Moja, kwa chifu. Mbili, kwa gesi. Tatu, kwa mume. Nne, kwa sufuria. Kabura!"

"Kwa... chifu?"

"Taulo! Ni kwa sufuria!"

Kabura alifua. Wiki ya kwanza alifua mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana kama zabibu. Wiki ya pili akaanza kugundua kitu: kumbe mtu akisema "lakini," ndipo mambo yanapogeuka. Kumbe jibu halikai mwanzoni. Kumbe mtu akivuta pumzi, anakaribia kubadilisha nia. Wiki ya tatu alimshinda Nasra kujibu, akamfulisha taulo, na nyumba ikampigia makofi.

Lakini hicho kilikuwa Kiswahili. Kijapani kilikuwa bado kinampita kama gari la kifahari. Jioni Kipyego akawa anapita saluni na spika yake ndogo, anaiweka juu ya kabati, anafungulia mazungumzo ya mazoezi. Mwanaume mmoja, mwanamke mmoja, sauti safi kama vyombo vipya. Kabura alikuwa anafunga macho, anakamata neno hapa, neno pale, na mazungumzo yanakwisha kabla hajayaunganisha.

Jioni moja Nasra, aliyekuwa amekaa na chai yake, akashindwa kuvumilia.

"Sasa hao wawili, wanasema nini?"

"Ni kuhusu mkutano," Kabura akasema. "Na... mwavuli."

"Mwavuli wa nani?"

"Sijui."

"Hujui? Mwanaume na mwanamke wanabishana juu ya mwavuli, na hujui ni wa nani?" Nasra alikuwa amekasirika kweli. "Kabura dada yangu, hayo ndiyo mambo yenyewe! Mwanamke amejuaje mwanaume ana mwavuli? Alikuwa kwake?"

"Uuuwi," Nakhumicha akasema, akavuta kiti.

Kabura akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akatingisha kichwa: hakuna kurudia. Akaweka mazungumzo mengine. Na sasa wanawake saba walikuwa wamemkodolea macho Kabura kama watu wanaongoja mahindi yachomeke, na Kabura akagundua hawezi, hawezi kabisa, kuwaambia "sijui" tena. Ilikuwa aibu. Kwa nyumba ile, mtu aliyekuwapo jambo likisemwa akashindwa kulileta, huyo si mtu wa kutegemewa. Akainamia ile spika kama anayesikiliza ukutani kwa jirani.

"Haya," akasema ilipokwisha, akihema. "Huyu ni Tanaka. Anafanya ofisi. Mwanamke ni Yamada, wako meza moja. Tanaka alikuwa alete keki kwa sababu bosi anahama, lakini amesahau. Yamada anamwambia duka la hapo chini limefungwa. Tanaka anasema ataenda lile la stesheni. Yamada anamwambia ngoja, bosi hali vitu vitamu, leta maua. Kwa hivyo anaenda kununua maua."

"Kwani Yamada amejuaje bosi hali vitu vitamu?" Tata akauliza.

"Eeh!" nyumba nzima ikaitikia. "Amejuaje?"

Kipyego aliangalia jibu nyuma ya kitabu. "Maua," akasema. Sauti yake ilikuwa na mshangao kidogo. "Ni maua."

Kuanzia hapo Mwalimu hakupumua. Hata siku zisizo za darasa alitumiwa ujumbe: Mwalimu, Tanaka yuko wapi leo? Wanawake walimjua Tanaka kuliko walivyomjua diwani. Mtu mzima, kazi nzuri, lakini kila siku amesahau kitu: mwavuli, mkoba, saa ya mkutano. Nakhumicha alisema mtu wa namna hiyo anahitaji mke. Nasra alisema anaye, ndiyo maana amechanganyikiwa. Kipyego alijaribu kueleza kwamba Tanaka wa ukurasa huu si Tanaka wa ukurasa ule, ni jina tu la vitabuni, wakamwambia anamfichia mwenzake. Na Kabura, jioni baada ya jioni, alisikiliza mara moja, akawaletea yote, vipande na pumzi na "lakini" zake.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, sheria ikamgonga aliyeitunga.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni nyingine, ya Ciku. Ciku na Tata Mwihaki walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minane, tangu Nakhumicha ahame kule kuja huku na kitana chake. Kwa miaka minane Tata alikuwa akichunguza mlango ule kuliko askari wa benki. Na asubuhi ile alikuwa ametoka dakika kumi tu, kununua maziwa, Nasra alipoingia akafunga mlango kwa mgongo.

"Mko wote? Siwezi kungoja, nitapasuka. Swali! Ciku atahamia wapi?"

Akaimwaga. Isaiah, kiongozi wa kwaya ya kanisa la Tata mwenyewe, alikuwa amemposa Ciku! Alimposa mle mle saluni, Ciku akiwa anaosha kichwa cha mteja, na mteja mwenye povu machoni ndiye aliyekuwa shahidi. Isaiah alipiga goti kwenye maji. Kwanza alisema watakaa Soy, lakini kaka yake amekalia nyumba, basi ikawa mjini, lakini Ciku hataki ngazi, mwisho wakakubaliana...

Hapo nyumba ilikuwa imeshaanguka. Nakhumicha alikuwa chini, kitana mdomoni. Wengine walikuwa wakipiga yowe na kukumbatiana. Nasra mwenyewe alikuwa haelewi anachosema kwa kicheko.

"Jibu!" akafoka. "Nani amesikia?"

"Ainabkoi," Kabura akasema, akiwa na povu la shampuu mpaka viwikoni. "Kwa shamba la Isaiah la viazi. Baada ya Pasaka. Saluni Ciku anafunga, viti vyote anauza isipokuwa kile chekundu, anabaki nacho cha kuotea jua."

Wakamtazama. Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia habari ya kiti.

Mlango ukafunguliwa, Tata akaingia na maziwa. Akaona watu sakafuni.

"Kuna nini?"

Nakhumicha akatoa kitana mdomoni.

"Nimeuliza, kuna nini?"

"Ilisemwa, Tata," Nasra akanong'ona.

"Ilisemwa lini?"

"Sasa hivi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa maziwa."

Tata akaigeukia kadibodi, akasoma mwandiko wake mwenyewe mpaka lile neno MWENYEWE. Akakaa polepole. "Ni ya nani?"

"Ya Ciku."

Alishika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino.

"Tata, nikwambie tu," Kabura akasema, moyo ukimuuma. "Ni mara moja hii. Haiwezi kuharibu..."

"Nyamaza! Ukinirudishia leo, utafika Nairobi ungoje mashine ikurudishie. Usinirudishie hata nikilia. Hata nikikuamuru."

Saa kumi jioni akamwamuru.

"Tata, si ulisema..."

"Najua nilisema! Nilikuwa najaribu kama unasikia."

Kwa siku mbili Tata alifua taulo ambazo hazikuwa chafu, macho ng'ambo ya barabara. Na bado, Nakhumicha alipojipendekeza kumnong'oneza karibu na sinki, alimpiga na taulo hiyo hiyo yenye maji. "Mtoto anaenda Japani," alisema. "Mimi nitakufa tu kidogo." Kabura alisikia, akaingia nyuma kwenye kistoo, akafungua kitabu chake na kusoma mpaka machozi yakakauka, maana aliona jinsi anavyopendwa, na kwa njia ngumu namna gani.

Ijumaa Ciku mwenyewe akavuka barabara. Akasimama mlangoni na kadi ya harusi, nyumba nzima ikashika pumzi.

"Mama Mwihaki," akasema, "mtu hawezi kujisuka kisogo. Na nywele za harusi siwezi kumpa mtu yeyote tu."

Tata akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga yake mwenyewe.

"Keti," akasema, uso ukiwaka kama taa ya stima. "Anza mwanzo. Polepole."

Nakhumicha alitaka kupinga kwamba hii ni kurudia. Akaangaliwa. Ikaamuliwa kwamba habari kutoka kwa mwenyewe huhesabiwa kuwa mpya.

Jumapili ya mtihani, Kabura aliketi kwenye ukumbi mmoja Nairobi na penseli tatu na raba. Kusoma kulipita. Kisha ikaja zamu ya kusikiliza, na msimamizi akaomba utulivu, na utulivu ukaja. Hapo ndipo alipoogopa. Ulikuwa utulivu wa ajabu, usio na draya, usio na kijiko kikombeni, usio na mtu anayesema wee. Watu mia moja na hakuna anayetafuna chochote. Sauti safi ya mwanamke ikaanza kutoka kwenye spika, na Kabura alikuwa bado anashangaa kimya kile mazungumzo ya kwanza yalipokwisha. Alibaki ameinua kichwa, akingoja.

Mashine ikaenda mbele.

Kumi na sita, moyo ukamwambia. Kumi na nne. Akaandika jibu la kubahatisha, akashika penseli kwa nguvu. Kisha mwanaume mmoja kwenye spika akamwambia mwanamke kwamba Jumamosi hataweza kwenda kwenye ile sherehe, na mwanamke akasema "Ah," akavuta pumzi.

Kabura akasogea mbele kitini. Mbona amevuta pumzi? Amekasirika? Alishanunua zawadi? Subiri Nasra asikie hii.

Na hapo hapo ukumbi ukajaa. Nakhumicha alikuwa kulia kwake, Tata nyuma, wote wamemkodolea macho wanangoja, na Kabura hakuacha kitu kipite. Mwanafunzi aliyepoteza ufunguo wa baiskeli. Bibi aliyetaka sweta la bluu lakini si bluu ile. Daktari aliyehamisha miadi mara mbili. Alikuwa anatia alama kwenye jibu na huku akiwaza: huyu bibi ana kiburi, lazima niwaambie.

Alipotoka nje alipiga simu kabla hajafunga mkoba. Kule Langas waliweka spika kubwa. Jumapili, saluni imefungwa, na watu kumi na wanne ndani.

"Leta!" Tata akapiga kelele.

"Mama," sauti ya Kipyego ikasikika kwa nyuma, "hairuhusiwi kusimulia maswali."

"Mwalimu, nani ameuliza maswali? Tunauliza habari za watu!"

Kabura alicheka mpaka mlinzi wa getini akamwangalia. Akawaletea. Aliwaletea mwanaume wa sherehe, na zawadi iliyokuwa imeshanunuliwa. Aliwaletea ufunguo, baiskeli, sweta. Kule ng'ambo wakagawanyika mara moja: Nakhumicha akawa upande wa bibi, Nasra akasema bibi huyo hajui anachotaka na kwamba wateja wa hivyo anawajua. Na Kipyego, bila kusema neno, alivuta boksi la rola, na kwa kila mazungumzo Kabura aliyosimulia, akaweka rola moja mezani.

Zilipofika kumi na tano, akaichukua simu.

"Mazungumzo huwa kumi na sita," akasema.

"Moja imenipita, Mwalimu. Ile ya kwanza."

Kipyego akazitazama rola mezani. "Hizi kumi na tano," Kipyego akasema, "hata mimi, mwaka wangu wa tatu kule, nisingeziweza hivi." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alicheka, kicheko kirefu cha mtu wa mbio ndefu, na saluni ikapiga vigelegele bila kujua vizuri ni vya nini.

Matokeo yalitoka Januari. Kusikiliza: arobaini na tisa juu ya sitini. Tata aliyasoma kwenye simu ya Kabura, akalia, akacheka, akatoka barabarani akamwita Ciku kwa jina lake mbele ya watu wote. Kisha akarudi, akang'oa kadibodi ukutani, na habari ya matokeo ikasemwa siku hiyo mara thelathini na moja. Kila iliporudiwa alama ziliongezeka, na kufika jioni zilikuwa zimepita sitini.

Ni Nasra aliyeweka kikombe chini ghafla.

"Sasa huyu akienda," akasema, "Tanaka tutamjuaje?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo.

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Kipyego alifungua mlango wa darasa lake mjini akakuta wanafunzi watatu wapya wameshaketi safu ya mbele, daftari zimefunguliwa, mmoja na mtandio mpya wa zambarau, na wawili na rola kichwani. Thamosi ya chai ilikuwa juu ya meza yake.

"Mwalimu," Tata Mwihaki akasema, akilamba ncha ya penseli, "anza. Na usirudie."